Chakula cha Watu wa Sinema

Wewe uliyetoka kwa daktari juzi, na neno ukoma bado linakuwasha masikioni, kaa hapa karibu. Usisogee mbali; nilishamaliza dawa zangu zamani na siambukizi mtu. Nitakueleza yaliyonipata kwetu Rumonge, kando ya ziwa, ingawa udaktari sina. Nina ulimi tu. Ugonjwa ulininyoa nyusi, ukanikunja vidole vya mkono wa kuume, ukanila kidole kidogo cha mguu, lakini ulimi uliuogopa. Mama mkwe wangu ndiye aliyesema hivyo, na yeye hakuwa mtu wa kunisifu bure.

Lazima nianze na sinema. Ukoma ulipoingia nyumbani kwetu ulikuta sinema imeshautandikia mkeka.

Mume wangu Ramazani alikuwa fundi cherehani, akishona barazani kwetu. Jioni alikuwa mtu mwingine kabisa. Mgiriki mmoja mwenye duka alikuwa na mashine ya sinema, akiizungusha kwa kamiyoneti, gari lake dogo la mizigo, toka Kabezi mpaka Magara, toka Magara mpaka kwetu, hata Kigwena kwenye michikichi. Filamu zilikuwa za Kifaransa au Kiingereza, na watu wa pwani ya ziwa walitaka Kiswahili. Basi Ramazani alisimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, akaeleza. Mtu akipanda farasi kwenye picha, Ramazani alitaja jina la farasi, baba yake farasi, na deni la yule anayempanda. Kifaransa alikijua cha kuombea kazi. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Hakuna aliyemuuliza. Walimwita Mufasiri, na mimi niliolewa naye kwa ajili ya sauti ile, sitaki kukudanganya.

Sisi Waislamu wa mtaa wa Waswahili tulikuwa na mpango wetu: wanaume mbele ya shuka, wanawake nyuma. Picha ilipenya. Tuliona kila kitu walichoona wao, ila maandishi yalikaa kinyumenyume, na hayo hayakumnyima mtu usingizi kwa sababu hakuna kati yetu aliyeyasoma.

Siku chache kabla ya Uhuru, mji umeshaanza kupakwa chokaa, Mgiriki alileta filamu ya zamani sana, isiyo na rangi, ya watu wa sarakasi. Si wale wa kuruka na kamba. Wale wa kutazamwa. Kulikuwa na mtu mrefu hata akilala miguu inatoka nje ya hema. Kulikuwa na mwanamke mwenye ngozi ya magamba, na mtu mfupi aliyevaa kofia ya kizungu, na mwingine ambaye uso wake ulikuwa umevimba mafundo mafundo, macho yamezama. Mwenye sarakasi alikuwa mtu mzuri wa sura, nywele zinang'aa mafuta.

Sasa Ramazani hakuelewa hata neno. Alichofanya ni kile alichofanya siku zote, alitunga. Watu wale walipokaa kuzunguka chungu kimoja, wakachovya mikate na kulishana, yeye akashusha sauti mpaka ikawa kama inatoka chini ya ardhi. Akasema, "Mutazame vizuri. Hawa walikuwa watu kama mimi na wewe. Walionja chakula cha wenzao, wakageuka. Usionje!" Uwanja mzima ukaitikia, usionje! Nyuma ya shuka sisi wanawake tulishikana mikono. Tuliona jambo lililotutisha zaidi: wote, kila mmoja wao, walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alisema astaghfirullah na kujifunika uso na kanga.

Mwisho wa ile filamu mwenye sarakasi anawakimbia usiku, wanamfuata, giza, ukelele mmoja, halafu tunawaona wamekaa tena kwenye chungu wanakula polepole. Ramazani akasema, "Wamemula." Mwanamke mmoja alizimia akabebwa. Kesho yake shehe na padri, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya mvua, walikwenda pamoja kwa mkubwa wa serikali, na filamu ikapigwa marufuku Rumonge. Mpaka leo sijui kama kweli walimla. Nadhani walikuwa wanakula viazi.

Ilipokatazwa ndipo ilipoishi. Watoto wakiwa wanacheza, mmoja alikunja uso na wengine wakapiga kelele, usionje! Mtu akikataa ugali wa jirani aliambiwa, unaogopa sinema. Tulicheka sana. Uhuru ukaja, ngoma zikalia, nikamzaa Hadija.

Mvua za tatu baada ya Uhuru nilikuwa nachemsha mawese uani. Mama mkwe alikuwa anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Akainua pua, akasema, "Nini inaungua?" Nikaangalia chini ya sufuria, sikuona kitu. Akanijia, akaushika mkono wangu wa kuume na kuunyanyua. Mawese yalikuwa yamenirukia, ngozi ya juu ya mkono imevimba malengelenge, na mimi sikuwa nimesikia lolote. Aliuachia ule mkono taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Hapo ndipo nilipokumbuka baka jeupe kwenye bega, ambalo nilikuwa nikilipaka mafuta nikidhani ni choa.

Kwa masista, nusu ya njia ya kwenda Magara, kulikuwa na zahanati. Wagonjwa wengine walikaa barazani mbele. Sisi tulikuwa na benchi letu nyuma, karibu na jiko, chini ya paa linalovuja, na siku yetu ilikuwa Alhamisi. Sista mmoja mzee, Mzungu, aliniambia nifumbe macho. Alikuwa na unyoya wa kuku. Nimwambie kila anaponigusa. Nikafumba, nikangoja, nikangoja sana, mwisho nikamwambia, "Sista, anza basi." Alikuwa ameshamaliza.

Akanipa vidonge vyeupe na kuniambia nitavimeza kwa miaka. Nikamuuliza miaka mingapi, akasema Mungu anajua. Nilikasirika. Nilimwambia mwenye unyoya ni yeye, si Mungu. Akacheka, akanishika mkono kwa mkono wake mtupu, bila kitambaa, bila chochote, akakaa nao muda. Nataka ujue hilo, kwa sababu ilipita miaka kabla mtu mwingine hajanishika hivyo.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuta sinia liko chini kama kawaida, ugali katikati, mukeke na mchuzi wake. Nikanawa, nikaja kukaa. Mama mkwe akanisukumia sahani ya bati, peke yake, ina chakula kizuri, hata kipande cha samaki kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine. Akasema, "Ya kwako iko hii, Mama Hadija."

Ramazani akasema mama, jamani. Ndipo mama mkwe akamgeukia mwanawe, na sikuwahi kumwona na uso ule. "Wewe mwenyewe ulisema. Mbele ya watu wote, na kipaza sauti. Ulisema mutu akila nao anageuka. Na mimi niliona kwa macho yangu mikono yao ya kushoto."

"Mama, ile ilikuwa maneno ya sinema tu."

"Basi unasemaka uongo?"

Nilimwangalia. Angesema nini? Akikiri ni uongo, yeye si Mufasiri tena, ni fundi cherehani anayepiga kelele jioni. Akisema ni kweli, mkewe ni mtu wa chungu kile. Alimega ugali, akaushika mkononi mpaka ukapoa, hakuula. Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa kizingitini, kwa hasira, nikitegemea ataniita. Nilikaa kwenye kizingiti kile mvua kwa mvua, kiangazi kwa kiangazi.

Sisemi walinitesa. Hapana. Kitanda changu kilikuwa safi, Ramazani alinishonea nguo za mikono mirefu na kola pana za kuficha masikio yalipoanza kunenepa. Hadija alikua akinichezea, ingawa bibi yake alimwita kila mara alipokaa mapajani mwangu. Ila ukitaka kujua ugonjwa huu unauma wapi, hauumi kwenye mkono. Unauma saa ya chakula, unaposikia wenzako wanagombania utandu wa sufuria na wewe sahani yako hakuna wa kuigombania.

Na kuna vipindi mkono wenyewe uliuma. Miezi ya mvua nyingi mishipa iliwaka kuanzia kiwiko, kama mtu ameninyunyizia pilipili ndani ya mfupa, na homa juu. Kila baada ya kipindi cha namna hiyo vidole vilikuwa vimejikunja zaidi. Mwanzo wa mwaka wa sabini na mbili mkono wa kuume ulikuwa haufungui. Nikaanza kula kwa kushoto. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya choo kula, nikalia, kwa sababu nilijiona ndani ya shuka la sinema. Nikasema, basi mama mkwe alisema kweli. Nimegeuka.

Kitu kimoja kilinisaidia na nakupa wewe bure. Pale kwenye benchi la Alhamisi kulikuwa na mzee mvuvi wa Magara, nyayo zake zimekwisha. Yeye ndiye aliyekuwa akinishikia nafasi pasipovuja. Aliniambia, mguu wako sasa ni mutoto asiyejua kulia; ukae unamuangalia wewe. Kila jioni weka miguu kwenye beseni, geuza unyayo, tafuta mwiba, tafuta damu. Alinitania kwamba wanawake wengine wanajitazama usoni na mimi najitazama unyayoni. Fanya hivyo. Mimi kidole nilichopoteza, nilikipoteza miezi niliyokata tamaa nikaacha kutazama.

Wakati huohuo Mgiriki alikuwa anafunga duka, anarudi kwao. Ramazani akaenda kumwomba filamu ile ya sarakasi ipigwe mara moja tena. Aliyekuwa ameikataza alishahamishwa. Na Mgiriki ndiye aliyemwambia jambo ambalo hatukuwahi kulijua, kwamba hata huko ilikotoka ilileta ugomvi mkubwa, watu walikasirika wakataka ifichwe, kwa sababu wale hawakuwa wamebandikwa sura. Walikuwa watu kweli, miili yao wenyewe, kazi yao ilikuwa kutazamwa na kulipwa. Na hadithi yenyewe, alisema, ni kwamba mwenye sarakasi anataka kuwatupa njiani kwa kuwa hawaingizi tena watazamaji.

Ramazani alirudi nyumbani mbio. Akaja kizingitini kwangu, akachuchumaa. "Mama Hadija, nitaieleza upya. Watanisikia. Sauti ndiyo ilifunga, sauti itafungua." Nilimwambia watu hawapendi kurudishiwa chenji baada ya miaka kumi. Akacheka, lakini nilitaka sana iwe kweli.

Walikuja watu wengi kuliko siku ya kwanza, maana marufuku ni tangazo. Nilikaa nyuma ya shuka, mwisho wa mkeka, peke yangu, kanga mpaka kwenye macho. Mama mkwe alikaa katikati na wenzake. Picha ilianza na mume wangu akaanza, sauti ileile, lakini maneno mengine. Huyu mrefu ni mtu, alisema, ana mama. Huyu mwenye magamba amezaliwa hivyo, hakuonja kitu cha mtu. Wanaume mbele walianza kunong'ona. Kikaja kile chungu. Wale watu wakakaa, wakachovya mikate, na upande wetu, kama zamani, kwa mikono ya kushoto. Niliwatazama bila kuogopa. Niliwatazama kama ndugu waliokuja kunichukua.

Ramazani akasema kwenye kipaza sauti, "Miaka kumi nyuma niliwaambia ukila nao unageuka. Niliwadanganya. Kiingereza sikijui. Hawa wanakula tu. Ni njaa, kama yetu."

Halafu mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema Mufasiri amelewa. Akasema mwingine, tuelezee kama zamani! Na kutoka pembeni, vijana ambao wakati wa Uhuru walikuwa watoto, wakaanza wenyewe, usionje. Usionje. Uwanja wote ukapokea, wazee na vijana, wanacheka, wanapiga makofi, usionje, usionje. Niliisikia sauti ya mume wangu inapanda juu yao, halafu inazama. Aliwafundisha vizuri mno. Nyuma ya shuka wanawake wengine walikuwa wanaitikia pia. Mama mkwe akasimama, akajitanda, akatoka akaishia upande wa giza. Nikadhani ameona aibu, amekwenda nyumbani.

Kesho yake sahani ya bati ilikuwa palepale. Hakuna aliyezungumzia sinema. Mama mkwe hakusema na mwanawe ila la lazima.

Mwisho wa Aprili mvua zilikuwa bado zinanyesha. Unajua mauaji yaliyotokea, au umeambiwa. Sitakueleza nani alianza na nani alimaliza. Nililoliona ni watu wanakufa kwanza kwa mikono ya hawa, halafu, kwa wingi na kwa muda mrefu, kwa mikono ya wale. Askari walikuja. Barabara ikafungwa. Alhamisi ikafika na kupita, Alhamisi nyingine ikapita, vidonge vyangu vikaisha kwenye chupa. Wanaume wa mtaa wetu wakaanza kuitwa wakajieleze.

Askari walimjia Ramazani asubuhi, dukani kwake pale barazani kwetu. Alikuwa anashona mkono wa shati. Mtu anayekusanya watu na kipaza sauti, walisema, ana mengi ya kujieleza. Aliacha sindano ndani ya kitambaa. Mama mkwe alishika mlango kwa mikono miwili, nami nilikuwa kizingitini, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Ramazani akatugeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya nyumbani, "Narudi. Muniwekee chakula."

Hatukumwona tena. Wala hatukuambiwa kitu. Tulienda kuuliza, tukafukuzwa. Tukaenda tena, tukaonywa. Hayo ndiyo maumivu ninayoyajua mimi, na ukoma ukiwa kando yake unaonekana ugonjwa wa mchezo.

Nikuambie haraka ya baadaye. Dawa zilirudi, kwa kusuasua, vidonda vya miezi ile vikachukua mwaka kupona. Baada ya miaka mingi zikaja dawa mpya, unameza za aina kadhaa pamoja na kweli unapona. Nikapona. Vidole havikunyooka, nyusi hazikurudi, ila nimepona, na wewe utapona mapema kuliko mimi kwa kuwa umekwenda mapema. Usiruke siku hata moja ya dawa. Mambo ya kujua ni hayo tu. Lakini sikukuita kwa ajili hiyo.

Ilikuwa bado mwaka uleule, siku ya kumngoja Ramazani kama nyingine. Mama mkwe alipika ugali, na ndagala alizokaanga kwa mawese, kama Ramazani alivyopenda. Kila siku alikuwa akipakua kwenye sinia na kuacha upande wa mwanawe bila kuguswa, na jioni akawapa kuku. Siku ile nilikuwa kizingitini kama kawaida. Sikuona sahani ya bati. Nikamwona yeye anakuja na sinia mikononi, Hadija nyuma yake na birika. Akaliweka chini, mbele yangu, pale mlangoni. Akakaa.

Nikamwambia, "Mama, mimi nakula kwa kushoto siku hizi."

Aliangalia ugali, akasema, "Siku ile ya sinema, kelele zilipozidi, nilizunguka mbele kwenda kuwanyamazisha. Nikaangalia picha. Nikaiona toka mbele. Wanakulaka na mukono wa kuume. Wote. Sisi ndio tulikuwa nyuma."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nimemukasirikia," alisema. "Amenitia aibu mbele ya mutaa muzima. Nikasema, akae kwanza kidogo, nitamwambia."

Akanawa. Akamega tonge, akaliviringa vizuri kwenye kiganja, akalitia shimo la mchuzi kwa kidole gumba, akaweka ndagala mbili juu. Akauchukua mkono wangu wa kuume, ule uliokunjika, akaufungua kidogo kidogo kama unavyofungua ngumi ya mtoto aliyelala, akaweka tonge ndani. Sikulisikia joto lake. Alikuwa amelipuliza kwanza, asije akaniunguza.

"Kula, Mama Hadija."

Tukala, sisi watatu, mpaka tukafika upande wa Ramazani, tukauacha.